Mbavu za Fenesi

Shemeji yangu alipokaribia kutimiza miaka sitini, binti yake alinipigia simu kuniomba nimsaidie kutafuta mahali pa kumfanyia sherehe. Nilikuwa dukani kwangu Ruiru, pale ninaposhona sare za shule, pini zimejaa mdomoni. Alinieleza kwamba baba yake ametoka hospitali na daktari amemkataza nyama, mafuta, hata supu ya mifupa.

"Sasa Tata, tutampeleka wapi?" akauliza, akiniita shangazi kwa lugha ya kwetu. "Unawajua watu wetu. Sherehe bila mbuzi kwao ni mkutano wa kamati."

Akacheka kidogo, kisha akanyamaza ghafla, maana alikumbuka anaongea na nani. Nilitoa zile pini mdomoni nikazichomeka kwenye kitambaa. Nikamwambia aniachie mimi kila kitu: mahali, chakula, hata wageni wa kualikwa. Alinishukuru sana. Alisema siku zote alijua nina moyo mkubwa.

Msichana huyo hakuwa na kosa lolote, na ndiyo maana sikumwambia kwamba nilikuwa nimemngoja baba yake kwa miaka mingi.

Shemeji huyo ni kifungua mimba wa mama mkwe wangu, na marehemu mume wangu alikuwa kitinda mimba. Baba yao alifariki mapema, kwa hivyo mkubwa ndiye aliyemlea mdogo. Alimsomesha, akamtafutia kazi, akamnunulia suti ya harusi, na mpaka mwisho aliamini kwamba mume wangu ni mali yake na mimi nilikuwa nimeazimwa tu. Ana mahali pa nyama choma kule Kamakis, kando ya bypass. Wikendi magari hujaa pale mpaka wengine wanaegesha kwenye vumbi ng'ambo ya barabara. Ana sauti nene na cheko linalofanya watu wa meza za mbali wageuke, na watu humpenda. Hilo lazima niliseme. Watu walimpenda kuliko walivyonipenda mimi.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo Thika. Alikuwa mpole, mtu wa kukubali kila anachoambiwa ili nyumba itulie. Siku moja alishikwa na maumivu ya kifua akiwa kazini. Daktari alituchorea moyo kwenye karatasi, akachora na mishipa yake, akasema mishipa hii imeganda mafuta kama bomba la sinki. Nyama nyekundu basi. Mafuta basi. Chumvi iwe ya kuhesabu. Tulirudi nyumbani Mugutha, na tulipofika nikamwambia kwamba mimi nitapika, yeye kazi yake iwe kula.

Sikuwa mpishi wa kusifiwa. Nilikuwa napika githeri na sukumawiki kama kila mtu. Lakini hofu ni mwalimu mkali. Nilijifunza kupika terere, ule mchicha wa kienyeji, na simsim iliyosagwa. Nilijifunza kuchoma uyoga kwa makaa mpaka ukauke pembeni na ubaki na maji ndani. Nilipika njahi, yale maharage meusi, na ndizi mbivu, ndengu na nazi, nikakaanga nduma bila mafuta kwa ujanja wa sufuria nzito na mfuniko. Alikula kila kitu. Kila jioni alisema asante, akasukuma sahani mbele kidogo kwa kidole, ishara yake ya kuonyesha ameshiba. Alianza kupungua, na mimi mwenyewe nilimpunguzia suruali kiunoni kwa furaha.

Kwa ndugu zake, mwanamume anayepungua ni mwanamume anayeteswa. Shemeji alikuja siku moja, akainua mkono wa mume wangu mezani kama anayepima mbuzi sokoni, akaniambia, huku akicheka, kwamba ninamfuga mdogo wake kama sungura. Mume wangu alicheka pia. Nilimkasirikia kwa cheko hilo, kisha nikamsamehe kabla ya chai kupoa.

Alikufa Jumamosi asubuhi akinyoa ndevu. Nilisikia wembe ukianguka kwenye karai.

Kwenye mazishi, shemeji ndiye aliyesema kwa niaba ya familia. Uwanja wetu wa Mugutha ulikuwa umejaa mpaka kwenye ua wa jirani. Mwanangu wa pekee, ambaye wakati huo alikuwa bado shule ya upili, alikuwa amekaa kando yangu na sare yake ya shule kwa sababu hatukuwa tumepata nguo nyingine. Shemeji alishika kipaza sauti, akamsifu mdogo wake, akalia, na watu wakalia naye. Kisha akasema maneno haya, nayakumbuka kama yalivyo:

"Ndugu yangu hakuuawa na ugonjwa. Ndugu yangu alikufa njaa, ndani ya nyumba yake mwenyewe."

Hakunitaja. Hakuhitaji. Vichwa viligeuka kama mahindi yakipigwa na upepo. Lakini si vichwa hivyo vilivyoniumiza. Mwanangu naye alinitazama. Ni sekunde tu, kisha akainamisha uso, lakini nililiona swali machoni pake, na swali hilo ndilo ambalo sikumsamehe shemeji.

Wakati wa kula, shangazi wawili wa mume wangu walikuwa wakigawa chakula. Kila mtu alipata wali na mbuzi. Mimi niliwekewa kabeji iliyochemshwa, peke yake, na mmoja wao akaniambia kwa upole wa kuudhi kwamba wanajua mimi situmii nyama. Nyuma ya hema mtu alicheka. Nilikula ile kabeji yote, taratibu, mbele yao.

Baada ya hapo hakuna aliyenifukuza kwenye ukoo. Walinisahau tu. Mama mkwe hakukanyaga tena kwangu. Kwenye harusi na kwenye itega za wanawake kupelekeana zawadi sikuitwa jikoni tena, na nyuma ya mgongo waliniita Mama Terere. Mwanangu alimaliza shule, akasomea uhandisi, akapata kazi Eldoret. Hajawahi kuniuliza lile swali, nami sikuwahi kumjibu, na likabaki kati yetu kila alipokuja nyumbani, kama kiti ambacho hakuna anayekikalia.

Nilitunga hotuba yangu nikiwa kwenye cherehani. Mguu ukikanyaga, neno linakuja. Nilikuwa nayo fupi na ndefu, ya kanisani na ya njiani, ya kusema kwa utulivu na ya kusema kwa kelele. Nilipopata habari kwamba shemeji ameanguka kando ya jiko lake kule Kamakis, koleo la nyama mkononi, akakimbizwa hospitali, nilimwambia aliyeniletea habari pole. Alipoondoka niliwasha redio na nikaongeza sauti.

Na sasa binti yake alikuwa ameniletea baba yake mwenyewe, kwa mkono wake.

Nilikuwa nimesikia habari za mkahawa mmoja Thika ambao haupiki nyama wala samaki, na ambao watu walikuwa wanatoka Nairobi kuufuata. Nilikwenda kwanza peke yangu, siku ya kazi, kuupima. Ni nyumba ya mawe ya zamani kwenye mtaa mtulivu, haina bango, kuna boga tu lililochorwa kwenye lango. Mwenyewe ni mwanamke kijana mwenye kichwa kilichonyolewa. Aliniambia alipika katika mahoteli ya Nairobi kwa miaka, akachoka kupika vitu vinavyotoka ng'ambo, akarudi Thika kwa sababu mananasi yako hapa, makadamia iko hapa, kahawa iko hapa.

Nilikuwa nimekwenda na moyo wa kutafuta kasoro. Aliniletea supu ya thabai, yale majani ya porini yanayowasha, kwenye kibuyu kidogo, na juu yake amedondosha maziwa mazito ya makadamia. Akaniletea mutura, ule utumbo wa kuchoma unaojazwa nyama na damu. Nilimwambia kwamba niliambiwa hapa hakuna nyama. Akasema hakuna, ndani ni njahi, bitiruti na viungo, ameufunga kwa jani jembamba la unga wa mchele na kuuchoma kwa makaa. Ulikuwa mweusi, unatoa moshi, umekatwa vipande juu ya ubao na chumvi pembeni, vilevile unavyokatiwa barabarani jioni. Halafu zikaja mbavu. Alikuwa amelipika fenesi bichi mpaka likachambuka nyuzinyuzi, akalizungushia kwenye vijiti vya miwa, akalipaka mchuzi wa ukwaju na pilipili, akalichoma. Ukila, unafika kwenye muwa, unaufyonza, na utamu wake unachanganyika na moshi.

Nililia mle ndani. Yule mpishi alidhani ni pilipili, akaniletea maji. Nililia kwa hasira. Nilikuwa nimemwaza mume wangu na uyoga wangu wa kuungua ungua, na nikawaza kwamba angalau mara moja angekula kitu kama hiki, akasahau kwamba anakatazwa. Nilipanguza uso, nikamwomba yule mwanamke anitengee baraza ya nyuma Jumapili baada ya kanisa, na apike hivyo hivyo, mbavu ziwe nyingi.

Binti alipouliza wa kualika, nilimtajia. Shosho yake, mama mkwe wangu, lazima aje. Wale shangazi wawili. Na yule mzee wa kanisa aliyeongoza ibada ya mazishi, kwa sababu sherehe inahitaji maombi. Alisema ni wazo zuri, ni watu wachache na wa karibu. Mimi nilitaka masikio yale yale.

Jumapili hiyo nilivaa gauni nililojishonea, la kijani, lenye mikono mirefu. Nilifika wa kwanza, nikachagua kiti kinachotazamana na cha mwenye sherehe.

Alipoingia sikumjua mara moja. Alikuwa na fimbo. Shati lilikuwa la gharama, lakini kola ilimzunguka shingo bila kumgusa, na mimi kola ndiyo kazi yangu. Niliona ni kilo ngapi zimeondoka. Alinisalimia kwa sauti iliyobaki nusu.

"Habari ya siku nyingi, shemeji."

"Nzuri. Karibu mezani," nikamjibu.

Mama mkwe aliketishwa kando yake, mdogo kama mtoto ndani ya koti lake. Alinipa mkono bila kunitazama. Shangazi walianza kunong'ona mara tu supu ilipofika, mmoja akisema kwamba thabai zamani ilikuwa chakula cha wakati wa njaa. Mzee wa kanisa aliomba sala fupi, akaishukuru mikono iliyoandaa, na nikaitikia amina kwa nguvu kuliko wote.

Kisha mutura ukaja na meza ikabadilika. Shangazi aliyekuwa akinong'ona alikula kipande, akageuka kumtazama mwenzake, akachukua kingine. Mzee wa kanisa alimwuliza mpishi kama ana hakika hakuna damu humo. Binti alikuwa akicheka kwa furaha na kupiga picha. Shemeji alishika kisu. Alikata kipande chake, akakinusa kama mtu wa kazi, akakiweka mdomoni, akafumba macho. Aliomba ubao usogezwe karibu naye.

Mbavu zilipofika alikunja mikono ya shati. Alikula kwa vidole. Alikuwa akilitafuna fenesi, anafyonza muwa, anaufyonza tena, halafu anaulaza pembeni ya sahani juu ya mwenzake, kama alivyozoea kupanga mifupa maisha yake yote. Rundo likawa refu. Alimwambia mpishi kwamba ni tamu, kwamba angekuwa na kitu kama hiki Kamakis asingelala. Mama yake alimtazama kwa mapenzi, akampangusa mchuzi kidevuni kwa kitambaa.

"Mwacheni ale," akatuambia sote, ingawa hakuna aliyekuwa akimzuia. "Ameanza kurudisha rangi. Hizi mboga zinamfaa."

Nilikuwa nimepanga kungoja keki. Lakini yeye, mama yule yule, alikuwa ameliona kwa mwanawe mmoja lile ambalo hakutaka kuliona kwa mwingine. Mzee wa kanisa aliuliza kama kuna mtu mwenye neno la baraka kwa mwenye siku yake. Nilisimama.

"Shemeji, chakula ni kizuri?" nikamwuliza.

"Kizuri sana."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba kabisa. Mungu akubariki."

"Basi waambie hawa. Waambie mtu anaweza kula mboga akashiba. Maana mara ya mwisho tulipokuwa sote mahali pamoja, uliwaambia ndugu yako alikufa njaa."

Binti aliteremsha simu yake. Mzee wa kanisa aliinua kiganja, akasema taratibu kwamba mama, leo ni siku ya furaha. Nilimjibu kwamba ile nyingine ilikuwa siku ya huzuni, na yeye alikuwepo, na hakumnyamazisha mtu. Akashusha mkono.

Nilikuwa na maneno mengine mengi. Nilikuwa nimefika kwenye sehemu ya mwanangu, ile niliyoitunga vizuri kuliko zote, mdomo umeshafunguka, wakati shemeji alipoweka chini kijiti cha muwa. Alijipangusa vidole kimoja kimoja. Nilidhani ataomba msamaha, na nilikuwa tayari kuukataa. Nilidhani atakasirika, na kwa hilo nilikuwa tayari zaidi.

"Hakufa njaa," alisema. "Alikuwa anakuja kwangu."

Mama yake alimwuliza anasema nini.

"Kila Ijumaa, mama. Akitoka kazini alikuwa anapitia Kamakis kwanza. Nilikuwa namwekea mbavu, zile zenye mafuta, alizozipenda tangu utoto. Mimi ndiye nilikuwa namchomea. Hata ile Ijumaa ya mwisho."

Shemeji aliendelea kuongea akitazama lile rundo la vijiti. Alisema aliona ninamwua mdogo wake kwa majani, na yeye anamwokoa. Alisema alipopigiwa simu ile Jumamosi, kitu cha kwanza kilichomjia kichwani hakikuwa kifo. Kilikuwa ile sahani. Aliogopa kwamba nitauliza mume wangu alikuwa wapi jioni ya jana yake.

"Niliogopa utauliza," akaniambia, na ndiyo mara ya kwanza alinitazama usoni. "Kwa hivyo nikakusema kabla hujauliza."

Watu husema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mimi nilikuwa nimeshika mkuki kwa miaka, na siku niliyourusha ulipita ndani yake ukaja kunichoma mimi. Nilikumbuka koti la mume wangu siku za Ijumaa. Lilikuwa likinuka moshi. Aliniambia wanachoma takataka nyuma ya kiwanda, nami nikalianika dirishani bila kuuliza zaidi. Halafu alikuwa akikaa mezani na kula chakula changu chote, tumbo tayari limejaa mbavu, akisema asante, akisukuma sahani kwa kidole. Alikula mara mbili ili nisijue. Hiyo ndiyo ilikuwa huruma yake kwangu. Na mimi nilikuwa nimepunguza suruali zile nikijisifu.

Sikumaliza hotuba. Nilibaki nimesimama, nikaona wananingoja wote, nikasema maneno mawili tu kwa shemeji.

"Endelea kula."

Hakula. Mama mkwe alikuwa ameanza kuhangaika kuinuka, na binti alipomshika alimsukuma. Alinielekezea fimbo ya mwanawe, ambayo aliichukua bila kuomba. Alisema nimpeleke nyumbani mimi, kwamba hataingia kwenye gari la huyo. Kwa hivyo niliondoka kwenye ile sherehe nikiwa nimemshika mkono mwanamke ambaye hakuwa amenigusa tangu tumzike mwanawe. Shangazi walitutazama tukipita. Mmoja alifungua mdomo; nikamtazama, akaufunga.

Nilimpeleka kwa gari mpaka kwake. Nilizima injini. Aliniuliza, akitazama mbele, nilikuwa nikimpikia nini mwanawe. Nikamwambia. Nilimwambia terere na simsim, njahi na ndizi, uyoga. Aliuliza ni kipi alikipenda zaidi. Nikasema sijui tena. Alianza kulia bila sauti, na nilimwacha alie. Kisha nikamwambia kile ambacho bado nakiona cha haki: kwamba angeniuliza siku zile, ningemjibu siku zile. Akasema ni kweli. Nilimfungulia mlango, nikamsindikiza ndani, nikamchemshia chai, nikaenda zangu.

Wiki iliyofuata yule mzee wa kanisa alikuja dukani Ruiru na mwenzake mmoja. Walikaa kwenye benchi la wateja, magoti yamebanana na mafungu ya sketi. Walisema shemeji anataka kufuata desturi, kuleta mbuzi na blanketi la kuniomba radhi, tukae, tusahau. Niliwauliza mbuzi huyo ataliwa na nani, kwa sababu aliyekosa hali nyama, na mimi niliambiwa situmii. Hawakujua kama wacheke. Nikawaambia sitaki mbuzi wala blanketi. Alisema uongo uwanjani kwangu Mugutha, mbele ya majirani. Aje asimame pale pale auondoe. Na sitaki kipaza sauti. Wakati huu watu wasogee karibu ili wamsikie.

Walidhani hatakubali. Alikubali. Nadhani moyo wake ulikuwa umeshamfundisha jambo fulani ambalo sisi hatujui. Nilimpigia mwanangu simu Eldoret nikamwambia aje, bila kumweleza kwa nini. Alikuja na basi la asubuhi.

Shemeji alisimama kwenye nyasi karibu na kaburi, jua likiwa kali, ameegemea fimbo. Sikumtolea kiti. Nilikuwa nimeviweka vyote upande wa majirani. Alisema yote: mbavu, Ijumaa, hofu yake, maneno yake ya mazishini. Sauti ilimkatika mara kadhaa na watu wakangoja. Alipotaja jina la mdogo wake alishindwa kuendelea, na mimi niliwaza, simama hivyo hivyo, bado.

Mwanangu alikuwa kando yangu. Nilimgeukia kuona uso wake, maana nilikuwa nimefanya yote haya kwa ajili ya uso huo. Alinitazama. Macho yalikuwa yamejaa, na lile swali halikuwamo tena. Aliminya mkono wangu. Kisha aliniachilia, akaenda upande wa majirani, akachukua kiti, akampelekea baba yake mkubwa, akamsaidia kukaa.

Nilikasirika sana. Ana upole wa baba yake, na mimi sijui niufanye nini upole huo.

Watu huniuliza kama nilipata nafuu. Wengi wanataka niseme hapana, kwamba kisasi ni moshi, kwamba nilibaki mtupu. Nilipata nafuu. Nilitembea Mugutha Jumatatu yake nikanunua maziwa, na watu wakanisalimia kwa sauti, nami nikaitikia polepole, nikiwaacha wangoje kidogo kabla ya kila jibu. Kwa shangazi wa kabeji sijaitikia mpaka leo.

Kwa mume wangu ni vigumu zaidi. Nilikwenda kaburini siku moja na jembe, nikapalilia, nikamgombeza kwa saa nzima. Nilimwambia kwamba angekuja nyumbani akasema ana hamu, ningempa kipande kimoja, kidogo, chembamba, nikae naye akikitafuna. Ningemkasirikia, lakini ningekaa naye. Badala yake alikaa na mwingine. Majirani walipita njiani wakajifanya hawasikii.

Shemeji naye amejifunza kunipigia simu. Alianza na salamu za kujikanyaga, siku hizi anauliza mambo ya jikoni moja kwa moja. Njahi ziloweke tangu lini. Uyoga auoshe au aupanguse. Amekodisha ile sehemu ya Kamakis kwa mtu mwingine, anakaa nyumbani, na mkewe hana subira ya mboga. Namweleza kila kitu bila kuficha hata kiungo kimoja. Namwuliza kama amemeza dawa. Nikisikia ameongeza chumvi, namkaripia mpaka anaahidi. Binti yake amenibusu mkono kwa jambo hili. Anasema nimemsamehe baba yake, na kwamba kanisani wananitolea mfano.

Sijamsamehe. Nataka aishi. Nataka mishipa yake ya moyo iwe safi kama ya kijana, afike tisini akiwa na akili zake zote, aamke kila asubuhi akumbuke alichomlisha ndugu yake na alichonifanya mimi, kisha aende jikoni akachambue terere. Wiki iliyopita aliniambia daktari amempima na amefurahi, eti akiendelea hivi ataishi sana. Nikamwambia hiyo ni habari njema, na sikuwa nadanganya.